“Amewekewa mashine”: vifaa vya kupumulia kwa mgonjwa anayengoja mapafu mapya

Mombasa, mtu akilazwa ICU, habari hufika nyumbani kwa maneno mawili: amewekewa mashine. Maneno hayo yanafunika mambo yasiyokaribiana. Pengine mgonjwa ana mipira miwili puani, ameketi, anakunywa uji. Pengine amefungwa maski inayomsukumia hewa kwa nguvu. Pengine amelazwa kwa dawa, mpira umepitishwa kooni na kifua kinapandishwa na mashine. Au, katika hospitali chache duniani, damu yake inatolewa mwilini, inatiwa oksijeni nje, kisha inarudishwa.

Kwa mwenye nimonia, mashine yoyote kati ya hizo humshikilia mpaka dawa imalize kazi. Mwenye mapafu yaliyojaa makovu, au yaliyotanuka na kulegea kwa miaka mingi ya moshi, hangojei kupona. Anangoja mapafu ya mtu mwingine. Kwake mashine ni feri ya Likoni: inamvusha tu, na ng'ambo lazima kuwe na gati. Tena haitoshi avuke. Lazima ashuke akiwa na nguvu za kuhimili upasuaji wa saa nyingi. Ndiyo maana madaktari wa upandikizaji huuliza maswali ambayo ndugu huyaona ya ajabu: bado anatembea? Anakula? Uzito umeshuka kiasi gani? Mashine inayompa oksijeni ya kutosha huku ikimlaza kitandani mwezi mzima yaweza kumfungia mlango uleule iliokusudiwa kumfikisha.

Kupumua ni kazi mbili

Mapafu huingiza oksijeni na hutoa hewa ya ukaa, yaani kaboni dayoksaidi. Kazi hizi hufeli kwa njia tofauti na hutibiwa kwa vifaa tofauti. Mapafu yenye makovu hufeli kwanza upande wa oksijeni, kwa kuwa kuta za vifuko vya hewa zimekuwa nene. Mapafu yaliyoharibiwa na sigara au moshi wa kuni hushindwa pia kutoa hewa ya ukaa, kwa sababu hewa hunaswa ndani na misuli ya kupumulia huchoka.

Upungufu wa oksijeni unaonekana: mtu anahema, midomo inageuka kijivu, hamalizi sentensi. Hewa ya ukaa inapojaa huja kimya. Kichwa kinauma asubuhi, mikono inatetemeka, usingizi unazidi. Ndugu husema, “Mama leo amepumzika vizuri,” kumbe anazama. Na hapo ndipo kipimo cha kidole, kile kibanio kinachosoma oksijeni ya damu, kinapodanganya watu, kwa sababu hakioni hewa ya ukaa hata kidogo. Kidole kinaweza kusoma 96% huku mgonjwa akipoteza fahamu. Kinachoonyesha ukweli ni damu ya ateri inayochomwa kifundoni mwa mkono. pH, yaani kipimo cha asidi ya damu, ikiwa chini ya 7.35 na hewa ya ukaa juu ya milimita 45 za zebaki, oksijeni peke yake haitatosha, na ikiongezwa ovyo inaweza kuzidisha tatizo. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa aina hii huwekewa lengo la kidole kusoma 88 hadi 92%, wala hakimbizwi kufika 100.

Kipimo chenyewe kina kasoro zake. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kwamba upungufu wa oksijeni uliofichika, yaani kidole kusoma vizuri wakati damu imepungukiwa, ulitokea karibu mara tatu zaidi kwa wagonjwa weusi kuliko weupe. Piko na rangi ya kucha huzuia mwanga wa kifaa, vidole vya baridi havisomeki, na mkono unaotetemeka hutoa namba za uongo. Tumia kidole kisichopambwa, kipashe joto, ngoja nusu dakika namba itulie, kisha mpime tena akitoka kutembea. Mwenye makovu ya mapafu anaweza kusoma 94% akiwa kitini na 80% akirudi kutoka chooni.

Oksijeni ya nyumbani

Wengi wanaongoja mapafu hutumia miezi mingi zaidi nyumbani kuliko hospitalini, na kosa dogo la nyumbani huharibu kilichojengwa na daktari. Mipira ya puani hupitisha lita 1 hadi 6 kwa dakika, na kila lita huongeza takriban asilimia 4 juu ya 21% iliyomo hewani: lita 2 ni kama 28%, lita 4 ni kama 36%. Ni makadirio tu. Mtu anayehema kwa nguvu huvuta pia hewa ya chumba, na asilimia inashuka.

Konsentreta, mashine ya oksijeni ya nyumbani, haina oksijeni ndani yake. Inavuta hewa ya chumbani, inaikandamiza kupitia chembe za zeolaiti zinazonasa naitrojeni, na inatoa kinachobaki, chenye oksijeni ya 90 hadi 96%. Adui wa zeolaiti ni unyevu, na Mombasa unyevu haununuliwi. Chembe zikilowa hupoteza uwezo wa kunasa naitrojeni, na hitilafu yake ni ya hila: mtiririko unabaki lita 5 kama kawaida, ukitumbukiza ncha za mipira kwenye glasi ya maji mapovu yanatoka vizuri, lakini kinachotoka ni hewa isiyo na oksijeni ya kutosha. Mapovu yanathibitisha kwamba hewa inapita, basi. Usafi wa oksijeni hupimwa kwa kipimo chake maalumu, na fundi wa vifaa vya hospitali aitwe kuupima kila baada ya miezi michache. Taa ya onyo ya mashine nyingi huwaka usafi ukishuka chini ya 85% au karibu na hapo. Ikiwaka, mhamishie mgonjwa kwenye mtungi kwanza, sababu itafutwe baadaye.

Weka mashine angalau sentimita 30 kutoka ukutani, mbali na pazia na mbali na jiko. Kichujio cha sponji kioshwe kila wiki kwa sabuni na kikauke kabisa kabla ya kurudishwa, maana kikirudishwa kibichi unaingiza maji mahali pasipotakiwa maji. Chupa ya unyevu itiwe maji yaliyochemshwa au ya distili, na yabadilishwe kila siku. Chini ya lita 4 kwa dakika wengi hawaihitaji. Ukilaza mgonjwa kwenye chumba chenye AC, angalia mpira: mvuke hugeuka matone, matone hukusanyika mahali mpira ulipolala chini, na oksijeni inazibwa na kijiko kimoja cha maji.

Kisha stima. Konsentreta ya lita 5 hula takriban wati 350. Kwa saa 24 hiyo ni uniti 8.4, karibu uniti 250 kwa mwezi, kwa hiyo tokeni ipangiwe bajeti kama dawa. Watu hununua betri na inverta wakidhani wamemaliza. Betri ya risasi ya volti 12 na ampea 200 ina wati-saa 2,400 kwenye karatasi. Nusu tu ndiyo itumike ili isife mapema, na inverta nayo hupoteza kiasi. Zinabaki kama 1,000, yaani saa tatu pungufu kidogo. Betri hiyo inakupa nafasi ya kusubiri stima irudi jioni. Usiku kucha haufiki.

Kwa hiyo mtungi wa akiba ni lazima, na hesabu yake kila mtu wa nyumbani aijue: chukua lita za mtungi uliojaa, zidisha kwa sehemu iliyobaki kwenye geji, gawanya kwa lita za mgonjwa kwa dakika. Mtungi wa wastani wa lita 1,360 ukiwa umejaa, kwa mgonjwa wa lita 4, hudumu dakika 340, yaani saa 5 na dakika 40. Geji ikiwa nusu ni saa 2 na dakika 50. Mgonjwa anayetoka Ukunda kuja Hospitali Kuu ya Pwani asihesabu mwendo wa gari pekee. Foleni ya feri nayo inakula oksijeni. Chukua muda unaoutarajia, uzidishe mara mbili, ndipo uamue mtungi upi upakiwe. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 kwa lita 2 hufika saa 56, lakini huo ni wa kusimama chumbani ukiwa umefungwa mnyororo ukutani. Ukianguka na valvu ikavunjika, unaruka kama kombora.

Moto nao. Oksijeni haiungui, ila hufanya kila kitu kiungue upesi. Jiko la makaa, sigara na chetezo cha udi vikae mita 3 au zaidi kutoka kwa mgonjwa, na ni bora viwe chumba kingine kabisa. Shuka na nywele hubaki na oksijeni kwa dakika kadhaa baada ya kufunga mtungi. Mikono yenye mafuta ya nazi au vaselini isiguse valvu wala regyuleta: mafuta yakikutana na oksijeni ya mgandamizo mkubwa huweza kuwaka bila kiberiti. Valvu ifunguliwe polepole, na spana iwe kavu.

Kutembea ni sehemu ya tiba hii. Kama mgonjwa anashuka chini ya 88% akitembea, dawa yake ni kumwongezea lita wakati wa kutembea. Kumkataza asitembee ni kumpunguzia nafasi ya kupandikizwa. Ndugu wengi hufanya hilo la pili kwa huruma.

Maski ya kusukuma, na mtiririko wa kasi

Hewa ya ukaa ikianza kupanda, hufungwa maski yenye mashine ya shinikizo mbili, ambayo wauguzi huiita BiPAP. Mgonjwa akivuta pumzi mashine humsukumia kwa shinikizo kubwa. Akitoa, hushuka kwa dogo. Kwa kawaida huanzwa na sentimita 10 hadi 12 za maji (ndicho kizio cha shinikizo) wakati wa kuvuta na 4 hadi 5 wakati wa kutoa, kisha ile ya juu huongezwa 2 baada ya 2 mgonjwa akizoea, mara nyingi hadi karibu 20. Pengo kati ya namba hizo mbili ndilo linalofukuza hewa ya ukaa. Ukipandisha zote mbili sawasawa pengo halibadiliki, na hewa ya ukaa inabaki palepale.

Kinachoharibika mara nyingi ni maski, mashine haina kosa. Ndevu ndefu huvujisha hewa, kwa hiyo mzee mwenye ndevu atafutiwe maski kubwa inayofunika uso mzima. Mfupa wa pua huchubuka ndani ya saa chache mikanda ikikazwa mno. Vidole viwili vipite chini ya mkanda. Hewa hujaa tumboni. Na kuna tundu dogo linalopuliza mbele ya maski au kwenye kiungo cha mpira, ambalo ndugu wenye nia njema huliziba kwa plasta wakidhani panavuja. Tundu hilo ndilo mlango wa hewa ya ukaa kutokea. Likizibwa mgonjwa anavuta tena hewa aliyoitoa.

Kwa mwenye COPD, yaani mapafu yaliyoharibiwa na moshi, au cystic fibrosis, ugonjwa wa kurithi unaojaza mapafu kohozi zito, maski hii inaweza kumvusha wiki na miezi, akiifunga usiku na kuivua mchana ale na atembee. Kwa makovu ya mapafu faida yake ni ndogo, na shinikizo kubwa linaweza kupasua pafu gumu. Maumivu ya ghafla ya kifua upande mmoja na pumzi kukatika ni dharura ya dakika hiyohiyo.

Mtiririko wa kasi puani husukuma hadi lita 60 kwa dakika za hewa iliyopashwa joto la nyuzi 37 na kulowanishwa. Wagonjwa wa makovu huupenda kwa sababu wanaongea na kula. Shida ni ulafi wake: kwa lita 60 zenye oksijeni 80%, karibu lita 45 kila dakika ni oksijeni tupu, na ule mtungi mkubwa wa lita 6,800 unaisha kwa saa mbili na nusu. Bila oksijeni ya bomba ukutani, kifaa hiki hakifai hata kuwashwa.

Mpira kooni

Ventileta humfanyia mgonjwa kazi yote ya misuli, na ubaya wake kwa anayengoja mapafu umo humohumo. Utafiti wa mwaka 2008 ulipima kiwambo, yaani msuli mkuu wa kupumulia, kwa watu waliokuwa kwenye ventileta bila kupumua wenyewe kwa saa 18 hadi 69. Nyuzi za msuli zilikuwa zimenywea kwa zaidi ya nusu. Ongeza dawa za usingizi, kohozi lisilotoka, nimonia inayoingia kando ya mpira na miguu isiyokanyaga chini. Baada ya wiki mbili mtu aliyekuwa akitembea varandani hawezi kukaa bila kushikwa, na timu ya upandikizaji ina haki ya kusita.

Ikibidi itumike, hutumika kwa upole. Ujazo wa kila pumzi ni mililita 6 kwa kila kilo ya uzito unaokadiriwa kwa urefu wa mtu. Uzito wa kwenye mizani hautumiki, kwa kuwa mapafu hayanenepi na tumbo. Mwanamume wa sentimita 170 huhesabiwa kilo 66, kwa hiyo pumzi yake ni karibu mililita 400. Shinikizo la mwisho wa kuvuta pumzi lisizidi sentimita 30 za maji. Kwa mapafu yaliyoganda kwa makovu hata kiasi hicho ni kigumu kukifikia, na hapo daktari hukubali hewa ya ukaa ipande kidogo kuliko kuchana kilichobaki. Kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hadi 45, puto la mpira kooni lishikwe kwenye sentimita 20 hadi 30 za maji, na dawa za usingizi zipunguzwe kila siku ili ionekane kama anaweza kuamka. Ngoja ikionekana ndefu, tundu hutobolewa shingoni mapema, ili mpira utoke kinywani na mgonjwa aweze kuamka, kukaa na hata kuanza kutembea.

Damu kupumulia nje: ECMO

Wazo la ECMO si jipya. Mtu mzima wa kwanza kuokolewa nayo alikuwa kijana aliyeumia ajalini Marekani mwaka 1971, chini ya daktari J. Donald Hill. Upandikizaji wa pafu wa kwanza ulikuwa umefanywa na James Hardy huko Mississippi mwaka 1963, na mgonjwa aliishi siku 18. Ilibidi kungoja hadi 1983, Toronto, ndipo timu ya Joel Cooper ikafanikiwa kumpa mtu pafu moja na akaishi miaka. Kuunganisha mambo hayo mawili kulichelewa zaidi, kwa sababu mgonjwa wa ECMO alikuwa amelazwa usingizi na kwenye ventileta juu yake, akawa amebeba madhara ya yote mawili.

Kilichogeuza mambo ni kumwacha mgonjwa macho. Hospitali ya Hannover, Ujerumani, ilichapisha mwaka 2012 matokeo ya wagonjwa 26 waliowekewa ECMO wakiwa macho, wakipumua wenyewe, wakilinganishwa na wengine 34 waliovushwa kwa ventileta. Miezi sita baada ya kupandikizwa, 80% ya waliopandikizwa katika kundi la kwanza walikuwa hai, dhidi ya 50% katika kundi la pili. Makundi ni madogo, lakini ndiyo njia ambayo vituo vikubwa vimeifuata tangu hapo.

Mrija mnene huingizwa kwenye mshipa mkubwa wa paja au wa shingo. Pampu inayozunguka kwa kasi huvuta damu nyeusi, kwa mtu mzima lita 4 hadi 6 kwa dakika, karibu damu yote ya mwili kila dakika moja. Inapita kwenye kichujio cha maelfu ya nyuzi tupu za plastiki: ndani ya nyuzi hupita gesi, nje hupita damu. Kichujio kina eneo la kama mita mraba 2, wakati mapafu mazima yana kama 70. Damu hutoka nyekundu, hupashwa joto, hurudi kwenye mshipa karibu na moyo. Kuna mrija wa njia mbili ndani ya mmoja unaoingia shingoni tu, na huo ndio unaopendwa kwa anayengoja mapafu, kwa kuwa mapaja yanabaki huru atembee.

Sheria ya vitasa viwili hutatua nusu ya fumbo la ECMO. Ukitaka oksijeni zaidi, ongeza damu inayopita. Ukitaka kutoa hewa ya ukaa zaidi, ongeza gesi inayopita ndani ya kichujio. Anayechanganya vitasa hivi anazungusha namba bila kuona mabadiliko. Na kidole kikisoma 85 hadi 90% kwenye ECMO ya mshipa hadi mshipa, mara nyingi hakuna kilichoharibika. Damu ya mashine inachanganyika na ile iliyopita kwenye mapafu mabovu.

Hitilafu zake zinasomeka kwa macho na mikono. Mrija wa kuvuta ukianza kutetemeka, mshipa unajikunja kwa kukosa maji, au mgonjwa anakohoa, au mrija umesogea. Kuongeza kasi ya pampu kunazidisha mtetemo. Damu inayorudi ikiwa nyeusi kama inayotoka, angalia kwanza mpira wa gesi, maana mara nyingi umechomoka tu. Damu inayovutwa ikianza kuwa nyekundu, ile iliyokwisha kutiwa oksijeni inavutwa tena kabla haijafika mwilini, kwa hiyo ncha za mirija zimekaribiana. Madoa meusi yanayoonekana kwa tochi kwenye kichujio ni damu iliyoganda. Shinikizo la kabla ya kichujio likipanda kuliko la baada yake, kichujio kinaziba na kibadilishwe kabla hakijakata. Upande wa kuvuta una mnyonyo, hivyo kifuniko kilicholegea hapo hakimwagi damu, kinanyonya hewa, na hewa ikifika kwenye pampu mtiririko unakatika. Kando ya kitanda hukaa koleo za kubana mirija na mpini wa kuzungusha pampu kwa mkono stima ikizima.

Damu huzuiwa isigande kwa heparini, na hapo ndipo hatari kubwa huingia: kutoka damu puani, tumboni, kwenye matundu ya mirija, na mbaya zaidi ubongoni. Ndugu hukimbilia kuchangia damu, jambo la heri, ila kwa mgonjwa huyu kila chupa ina gharama iliyofichika. Damu ya mtu mwingine huweza kuuamsha mwili utengeneze kingamwili, na kingamwili hizo hupunguza idadi ya mapafu ambayo mwili utayakubali. Kwa hiyo huongezwa damu inapolazimu, na hata damu ya vipimo huchukuliwa kwa chupa ndogo.

Kama ugonjwa ni presha ya mishipa ya mapafu na moyo wa kulia umechoka, kurudisha damu kwenye mshipa hakutoshi, kwa sababu moyo huohuo ndio unaotakiwa kuisukuma. Hapo hurudishwa kwenye ateri. Na mambo yanaweza kufika mbali sana: Toronto, mwaka 2016, mgonjwa wa cystic fibrosis aliyekuwa na sumu ya bakteria mwili mzima aliondolewa mapafu yote mawili na akaishi siku 6 bila pafu, kwa mashine tu, hadi mapya yakapatikana.

Kumtembeza mtu mmoja wa ECMO hatua ishirini huhitaji watu wanne au watano: anayeshika mrija wa shingo, anayesukuma mashine, wa mtungi, mtaalamu wa mazoezi, na muuguzi wa macho kwenye namba. Hii ndiyo sababu mashine yenyewe ikinunuliwa bila watu haileti kitu.

Kutoka Mombasa

Kenya hupandikiza figo, lakini mapafu hayapandikizwi nchini. Figo ndugu anaweza kukupa moja akabaki na nyingine. Mapafu hutoka karibu siku zote kwa marehemu, mara nyingi aliyefariki ubongo, na lazima yalingane kundi la damu, ukubwa wa kifua na kingamwili. Yakitolewa hukaa kwenye baridi kwa saa 6 hadi 8 hivi. Mgonjwa kwa hiyo huishi karibu na hospitali ya huko kwa miezi, akiwa na mlezi, simu ikiwa wazi usiku na mchana. Familia nyingi za pwani hutazama India, hasa Chennai. Zijue mapema kwamba huko viungo vya marehemu hupewa kwanza raia, na mgeni hufikiwa mwisho.

Safari inaanza na hesabu ya mwinuko, ambayo watu wa baharini hatuizoei. Nairobi iko kama mita 1,700 juu. Hewa yake ina asilimia ileile 21, lakini mgandamizo umepungua, na kwa mwili ni kama kuvuta 17% ukiwa Mombasa. Mtu anayejikimu kwa lita 2 Nyali anaweza kuhitaji 3 au 4 akishuka Nairobi, hata akienda kwa SGR. Ndani ya ndege hewa huweza kulingana na mwinuko wa mita 2,400, kama kuvuta 15%. Mtungi wako hauruhusiwi kupanda. Kinachokubaliwa ni konsentreta ya kubeba iliyoidhinishwa, kwa fomu ya daktari iliyotumwa kwa shirika angalau siku mbili hadi tatu kabla, na betri za kutosha mara moja na nusu ya muda wa safari. Angalia pia kitu kimoja kinachowaponza wengi: namba 2 kwenye konsentreta inayotoa kwa mdundo si lita 2 kwa dakika. Inapuliza kidogo kila pumzi inapovutwa, na mgonjwa akilala mdomo wazi inaweza isimsikie kabisa. Mjaribu akitembea na akilala nayo wiki moja kabla ya kwenda Uwanja wa Ndege wa Moi.

Wakati mzuri wa kuanza kuzungumza juu ya kupandikizwa ni mgonjwa akiwa bado kwenye lita 2, anapanda ngazi ya ghorofa moja kwa kupumzika. Akifika kwenye mpira kooni, ndege za kawaida hazimbebi, kituo cha nje husita kumpokea, na ECMO ya kungojea mapafu kwa kawaida haianzishwi kwa mtu ambaye bado hajakubaliwa kwenye orodha yoyote. Kansa hai, kifua kikuu kisichotibiwa, sigara inayoendelea na figo zilizofeli huweza kumtoa kwenye orodha, na makovu ya TB ya zamani hugandisha pafu kwenye kifua na kufanya upasuaji uwe wa damu nyingi. Haya yote hupimwa mapema, kwa utulivu.

Kabla ya kifaa chochote kizito kuwashwa, familia imuulize daktari na daktari ajibu bila kuzunguka: mapafu yasipopatikana, au figo zikafeli, au damu ikavuja ubongoni, tutasimamisha lini? Swali hilo likiachwa, hujibiwa usiku wa manane na watu waliochoka, huku mgonjwa aliye macho akisikia. Kwa ambaye hatasafiri, au ametolewa kwenye orodha, kuna tiba ya kukosa pumzi yenyewe: mofini ya kunywa kwa dozi ndogo, mara nyingi miligramu 2.5 hadi 5, chini ya daktari, feni ndogo inayopuliza usoni, mto wa kuegemea mbele, na wauguzi wa Coast Hospice hapa Mombasa.